Viatu vya Bwana Mkubwa

Siku ya kuniaga mlininunulia saa ya ukutani, mkaniomba niandike kidogo kazi ilivyokuwa, ili vijana wanaoingia idara ya Utamaduni wajue. Saa nimeitundika, na haya ndiyo maandishi. Sitaeleza nilivyopanda vyeo, maana sikupanda sana, na habari za mshahara hazina msomaji. Nimestaafu nikiwa na miaka arobaini na kitu kwa sababu ya mgongo, na mgongo uliharibiwa na Landrova. Daktari ameniambia nikae mahali pamoja. Tangu aniambie hivyo nimeshakwenda kijiji cha Kigwa mara kadhaa bila shughuli yoyote.

Niliingia kazini muda mfupi baada ya Azimio. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne hapa Tabora, sikuchaguliwa kuendelea, na kazi ya kwanza niliyoipata ilikuwa kubeba vyombo vya kikundi cha maigizo cha mkoa. Mkuu wa kikundi alikuwa Mwalimu Kasanda, ambaye alinifundisha Kiingereza kabla hajahamishiwa Utamaduni. Alisoma seminari ya Kipalapala akatoka kabla ya upadri, akabaki na sauti ya mimbari na desturi ya kufuta miwani kila alipokasirika. Akifuta miwani muda mrefu, ulijua umeharibu.

Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe nikidhani nitapewa meza. Mwalimu alinipa sindano ya kushonea magunia na pazia la marekani lililopasuka katikati. Alisema mwigizaji akisahau maneno watu watacheka tu na kumsamehe, lakini pazia likigoma mchezo umekufa. Nilishona mpaka jioni. Baadaye nilijifunza kupampu taa ya karabai bila kupasua soksi yake, kufunga jukwaa la mbao kwa kamba za katani, na kulala juu ya sanduku la bati. Nywele za bandia za Mabwana wa Kiingereza tulizitengeneza kwa katani vilevile. Mbuzi mmoja wa Kigwa alizila usiku wa kuamkia onyesho, na Bwana Mkubwa akacheza na kipara. Hakuna aliyegundua kasoro.

Huyo Bwana Mkubwa ndiye habari yenyewe. Mwalimu Kasanda alimtoa kwenye riwaya nene ya Kiingereza, ya zamani, aliyotusomesha kidato cha nne. Watu wa riwaya ile wanaishi kwa milango. Bwana Mkubwa ana ardhi hadi upeo wa macho, na jumba lenye mlango wa mbele kwa wageni na mlango wa jikoni kwa watu wengine wote. Kijana mmoja, mwana wa fundi saa, ameingia kwa mlango wa jikoni tangu utotoni, akija na baba yake kutia ufunguo saa za nyumba. Anasoma, anakwenda mji mkuu, anarudi amevaa vizuri, anampenda binti wa nyumba. Anakuja kuposa kwa mlango wa mbele. Bwana Mkubwa anamsikiliza hadi mwisho huku mtumishi akimvua viatu, kisha kwa sauti ya kawaida anamwagiza mtumishi ampeleke kijana kwenye mlango anaoujua.

Hakuna anayempiga kijana. Mwalimu alitaka tulione hilo. Katika kitabu kizima hakuna fimbo wala pingu, lakini kila mtu anajua mahali pake: nani akae, nani asimame, nani aanze kusalimu. Mwishoni inagundulika kwamba kijana si mwana wa fundi saa hata kidogo. Ni mtoto wa ukoo mkubwa, aliyetupwa akiwa mchanga. Basi anafunguliwa mlango wa mbele, anapewa binti, na Bwana Mkubwa anamshika mkono. Darasani tulipiga makofi. Mwalimu alifuta miwani akatuuliza, "Mnapiga makofi ya nini? Kwani mlango wa jikoni umezibwa?"

Tulipoifanya mchezo, ofisini walisema mwisho ule haufai taifa linalojenga Ujamaa. Ukaandikwa mwingine: wakulima wanaingia na majembe, jumba linageuzwa zahanati na ghala la kijiji, watu wanatoka wakiimba. Mchezo tukauita Mlango wa Jikoni. Ulipendwa kila mahali isipokuwa hapo mwishoni, ambapo akina mama waliinuka kutafuta watoto wao.

Kugawa sehemu ndiko kulikonifundisha kazi. Kila mtu alikuwa mjamaa hadi tulipofika hapo. Bwana Mkubwa ndiye mwovu wa mchezo, anazomewa kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini wanaume wote wa kikundi walimtaka yeye. Mtumishi, ambaye ana maneno manne na sinia, hakuna aliyemtaka. Mmoja alisema ana goti bovu. Mwingine alisema mkewe atahudhuria. Ikabidi nicheze mimi, kwa sababu ni mtoto wa wakulima wa Kimoraviani na nyumbani kwetu kubeba kitu hakuhitaji maelezo.

Feruzi alikuja kututengenezea mbao za jukwaa. Alikuwa seremala mwenye kibanda nyuma ya soko la Tabora, mtu mzima kunizidi kwa miaka kama kumi na tano, mfupi, mwenye mabega mapana. Alimaliza mbao akabaki kutazama mazoezi, kisha akaanza kusafiri nasi. Tulipofika Urambo, Bwana Mkubwa wetu alishikwa na homa, na Feruzi akasema maneno anayajua. Alikuwa anayajua ya watu wote.

Wenzake waliokuwa wakicheza sehemu ile walikuwa wakipiga kelele, kwa kudhani ubwana ni kelele. Feruzi alisema polepole, chini kabisa, mpaka watu wakainama mbele kumsikia. Nilipopiga goti kumvua viatu, aliunyoosha mguu huku akitazama pembeni, kama mtu anayenyolewa. Viatu vyenyewe tulivinunua hukohuko Urambo, Mzungu mmoja wa tumbaku alipouza vitu vyake ili aondoke: virefu, vya ngozi ya kahawia, vya kamba. Tangu siku ile sehemu ikawa yake. Mwalimu alisema amewaona mabwana wengi, ila huyu peke yake ndiye aliyewasoma.

Tulizunguka. Kama kuna kitu ninachokililia ni zile njia. Ile ya Urambo walipita wapagazi na pembe zao miaka na miaka kabla ya reli, na sisi tukaipita na sanduku la bati na nywele za katani. Tulilala stesheni, tulilala madarasani. Huko Kigwa, Feruzi alipomaliza kumfukuza yule kijana, mama mmoja alisimama katikati ya watu akauliza, kwa Kiswahili chenye Kinyamwezi tele, huyo Bwana watani wake wako wapi.

"Mtu anasema maneno kama hayo hana hata mtani mmoja wa kumwambia acha upumbavu? Akifa nani atamcheka?"

Watu walicheka, lakini Mwalimu aliyaandika yale maneno. Alisema mabingwa wameandika sana juu ya kitabu kile na hakuna aliyeuliza hilo.

Sasa Nassoro. Alikuwa kijana wa Tabora mjini, wa moja ya nyumba za zamani zenye mlango wa nakshi na baraza ndefu, za watu waliokuja na misafara wakatajirika. Utajiri ulikuwa umekwisha, mlango ulikuwepo. Alikuwa karani wa ushirika, mcheshi, anaimba vizuri, na aliingia kikundini kwa sababu alisikia huenda tukachaguliwa kwenda kucheza Dar es Salaam. Asubuhi alipopanda Landrova mara ya kwanza, Feruzi, ambaye angeweza kumzaa, alimwambia, "Shikamoo."

Nassoro akajibu, "Marahaba," bila kugeuza kichwa. Alikuwa akitafuta mahali pa kuweka mkoba wake.

Mimi nilidhani ni utani wa mjini, nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Nilikuwa pia nimemwona Feruzi mtaani Tabora amevua makubazi yake ameyashika mkononi, akipita mbele ya nyumba ile. Nilidhani anabana soli zisiishe. Maseremala ni watu wa kubana vitu.

Maana ya mambo hayo niliipata siku Landrova ilipotuvunjikia ekseli tukirudi kutoka Urambo. Wengine walikwenda kutafuta msaada. Tukabaki Mwalimu, Feruzi na mimi chini ya turubai. Feruzi alimwuliza Mwalimu kitabu chenyewe kinaishaje, si huu mwisho wa majembe. Mwalimu akamsimulia.

 Feruzi akauliza, "Na kama wasingemkuta na damu yao?"

"Basi kitabu kingeishia jikoni," Mwalimu alisema.

"Kwa hiyo mwandishi mwenyewe aliogopa."

Mwalimu alifuta miwani, ila safari hii hakuwa amekasirika.

Ndipo Feruzi akatueleza, kwa namna mtu anavyoeleza bei ya mbao. Babu yake, Mabruki, aliletwa Tabora mtoto kutoka nchi za ng'ambo ya ziwa, akanunuliwa kwa vitambaa na babu wa babu yake Nassoro. Utumwa ulikwisha kwa sheria kabla hata ya Feruzi kuzaliwa. Lakini mama yake alipika katika kila msiba na kila harusi ya nyumba ile hadi alipokufa, na hakuna mtu wa kwao aliyewahi kukanyaga ile baraza na viatu. Watu wa nyumba ile, hata mtoto, wao ndio wa kuamkiwa. Si watu wabaya, alisema. Yeye mwenyewe walimtahirisha wao, wakamfanyia karamu. Bibi Salama, nyanya yake Nassoro, alimpeleka chuoni akasoma Kurani.

"Kila siku najiambia leo napita nimevaa," alisema. "Nikifika pale mguu unavua wenyewe. Ndugu, tumepata uhuru, kadi ya chama ninayo, na mguu unavua wenyewe."

Kisha akasema anachokitaka. Hakutaka Dar es Salaam. Alitaka kucheza Bwana Mkubwa Tabora mjini, ukumbini, na viatu vile miguuni, na watu wa mitaa ya kwao wamtazame tangu mwanzo hadi mwisho. Akishafanya hivyo mara moja, anaamini mguu utasahau. Mwalimu alimwahidi.

Onyesho la Tabora lilipangwa kweli, na mgeni rasmi akaalikwa, kwa kuwa hapo ndipo ingeamuliwa kama twende Dar. Wakati huo tulikuwa na ofisa mpya, kijana aliyetoka chuoni, mtu wa mikoa mingine, msafi wa nia. Siku mbili kabla, alisikia Nassoro anatoka nyumba ya kibwana, akafurahi kama aliyeokota kitu. Alisema Nassoro ndiye acheze mtumishi. Mjukuu wa mabwana kupiga goti mbele ya mfanyakazi, hadharani, katika mji uleule: lingehitajika somo gani tena la usawa?

Mwalimu alikataa. Alisema mambo ya mji huu hayakai juu ya jukwaa, yako chini yake. Ofisa alimwuliza kwa upole kama anatetea ubwana. Miwani ilifutwa muda mrefu sana.

Feruzi naye alijaribu. Alininyooshea kidole akasema, "Ndugu, mwache huyu abebe sinia. Ameshazoea."

"Ndugu Feruzi, unamwogopa nani?" ofisa alisema. "Hapa hakuna bwana."

Swali lile ukilijibu ni aibu na usipolijibu ni aibu. Nassoro aliambiwa akikataa nafasi yake ya Dar itapewa mwingine. Akainua mabega, akasema ni mchezo tu.

Tulianza baada ya sala ya alasiri. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mimi nilikuwa pembeni na kamba ya pazia, kwa hiyo niliona pande zote mbili. Mgeni rasmi na ofisa walikaa mbele kulia. Mbele kushoto, kwenye kiti alicholetewa kutoka nyumbani, alikaa Bibi Salama na buibui lake, mwembamba, amenyooka. Hakualikwa na mtu. Alikuja kumwona mjukuu wake.

Feruzi hajawahi kucheza vile, kabla wala baada. Alitoka na koti refu na viatu vilivyong'arishwa, akavuka jukwaa polepole, kisigino kikigonga kila ubao alioupiga randa mwenyewe. Niliwaona watu wa soko wakigusana viwiko. Kijana wa fundi saa akaingia kuposa. Bwana Mkubwa akaketi, akaunyoosha mguu, akatazama pembeni. Nassoro akaweka sinia chini, akapiga goti, akashika kamba ya kiatu.

 Upande wa kulia walikuwa wanatabasamu. Upande wa kushoto, wa watu wa mji, wote walimgeukia Bibi Salama.

Bibi Salama hakusimama wala hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayemwambia mtoto ale kwa mkono wa kulia.

"Nassoro, inuka. Feruzi, mwanangu, vua mwenyewe."

Nassoro aliinuka mara moja. Feruzi aliendelea kutazama pembeni, mguu ukiwa umenyooka hewani bila wa kuushika. Kijana wa fundi saa alikuwa na maneno ya kusema, akayasahau. Nilimtazama Feruzi usoni nikaona anapigana, na nikaona dakika aliposhindwa. Aliushusha mguu. Akainama, akafungua kamba za kiatu cha kulia, kisha cha kushoto. Akaviweka viwili pamoja ukingoni mwa jukwaa, vimeelekea ukuta, kama vinavyowekwa barazani kwa watu. Akashuka, akapita katikati ya viti miguu mitupu na koti lake la kibwana. Alipofika kwa yule bibi alisimama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu," alisema, na alisema kwa upendo. Hilo ndilo ambalo sijalisamehe hadi leo, kwamba ulikuwa upendo. Alipokwisha kupita, nilimsikia bibi akimwambia mwenziwe kuwa yule ni mtoto mwenye adabu.

Kisha mgeni rasmi akasimama na kupiga makofi, na ukumbi wote ukafuata. Alikuwa ameona Bwana Mkubwa anaambiwa na umma avue ubwana wake, akauvua kwa mikono yake, akashuka kuungana na wananchi. Katika hotuba alisema hajapata kuona Ujamaa umeelezwa kwa uwazi namna ile bila hata kuimba. Ofisa alikimbia nyuma ya pazia akimtafuta Feruzi ampongeze, akauliza wamelibuni lini jambo lile na yule mama mzee wamempata wapi.

Tukachaguliwa kwenda Dar. Mwisho wa majembe ukafutwa, na mwisho mpya ukaandikwa: mama mzee anasema kutoka kwa watazamaji, Bwana Mkubwa anajivua viatu, anashuka. Feruzi hakuja kibandani kwake siku iliyofuata, wala wiki iliyofuata, na kibanda kikapangishwa kwa fundi baiskeli. Dar, Bwana Mkubwa alichezwa na Nassoro. Alicheza vizuri. Alivivua viatu kwa huzuni nzuri sana, na magazeti yakamsifu. Mwalimu Kasanda hakupanda treni pamoja nasi. Aliomba kurudi darasani, na siku ya kuondoka aliniachia sindano ya magunia. Alisema tumewapa watu mwisho waliokuwa nao tayari.

Mimi niliendelea. Kazi ni kazi, na njia nilizipenda. Nimeshautembeza mchezo ule katika vijiji vya Ujamaa ambavyo vingine havipo tena, na kila mahali viatu vimevuliwa na watu wamepiga makofi. Nimewaona wenyeviti wa vijiji wakipiga makofi kuliko wote, kisha wakipelekewa maji ya kunawa na wazee waliowazidi umri.

Nilimwona Feruzi mara moja tu baada ya hapo, stesheni ya Urambo, miaka mingi baadaye. Alikuwa amekuja kupokea kifurushi cha bawaba; anatengeneza milango ya mabani ya kukaushia tumbaku. Mvi zilikuwa zimemjaa. Nikamwamkia shikamoo, kama ilivyo haki yake kwangu. Alikawia kuitikia, akinitazama kana kwamba nimemkabidhi kitu na anapima uzito wake.

"Marahaba," alisema. Halafu, "Ule mchezo bado mnao?"

"Bado."

"Anavua?"

"Anavua."

"Kila mahali mnapokwenda?"

Nikasema ndiyo, kila mahali. Akatikisa kichwa. "Mimi nilivua siku moja," alisema. "Ninyi mmenivua miaka yote hii."

 Nikamwambia viatu bado vimo sandukuni, kama anavitaka nitamletea safari ijayo, hakuna atakayeuliza. Akacheka kidogo, mara ya kwanza.

"Vilikuwa vinanibana tangu siku ya kwanza. Sikumwambia mtu."

Treni ya Tabora ilikuwa imefika. Nilimwuliza kama huwa anakwenda mjini. Alisema kwa nini aende, huku Urambo barabara zote anapita amevaa.

Basi, wenzangu mliobaki. Sanduku la bati liko stoo, nyuma ya ngoma. Karabai inahitaji soksi mpya. Viatu nimevipaka mafuta, na nawaambia mapema kwamba vinabana. Mkiutoa tena Mlango wa Jikoni, maneno ya yule mama mzee nimeyafuta katika nakala zote nilizozifikia. Mwacheni Bwana Mkubwa amekaa, mguu umenyooka, anatazama pembeni. Fungeni pazia hapo. Watu wasipopiga makofi, msihangaike.